Geti Lililolala Kwenye Njia ya Majeneza

Haya alinieleza Attracta Hehir mwenyewe, mwaka ule aliostaafu upolisi, tukiwa jikoni kwake kijijini Kilbrannagh tunamenya viazi vya mchana. Attracta si mtu wa kutia chumvi. Alikuwa anasimulia kipande, anachokoa macho ya kiazi, anasimulia kingine, na mimi namsubiri. Nayaweka hapa kama alivyoyapanga yeye.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa sita. Mvua ilikuwa imeanza Jumapili jioni, watu wakiwa mezani, ikapiga usiku kucha, ikanyamaza kabla hakujapambazuka. Asubuhi ile kila jani la jimbo la Clare, upande wa magharibi, lilikuwa linadondosha maji. Simu ikalia kituoni. Aliyepiga ni Garret Cusack, na alichosema ni kwamba geti lake limekatwa.

Sajini Attracta alipofika, geti lilikuwa chini kweli. Lilikuwa geti la bati zito, halina tundu hata la kupitisha kidole, refu kuliko mtu. Sasa limelala chali kwenye nyasi, bawaba zake zimekatwa, na chuma kilichokatwa kinang'aa. Geti hilo ndilo Cusack aliloliweka mwaka uliotangulia kuziba Njia ya Majeneza. Njia yenyewe inaanza barabarani, inapanda katikati ya shamba, inaishia kwenye makaburi ya zamani kilimani. Watu wa upande ule wamebebwa hapo mabegani tangu enzi za mababu wa mababu zao. Cusack alipokuja kutoka Dublin akanunua shamba ili ajenge vibanda vya watalii, alisema njia ni mali yake, na maiti wazungushwe kwa barabara ya magari.

"Umechelewa, Sajini," alisema Cusack. Alikuwa amevaa buti mpya za mpira ambazo hazijawahi kukanyaga samadi. "Mtu wenu ameshamaliza kazi, ameenda kunywa chai."

"Mtu wetu yupi?"

"Mnamjua wote. Marrinan. Mgombea wa milele."

Akaonyesha kwa kidole. Kwenye mpini wa geti palifungwa bango la uchaguzi uliopita, lenye uso wa Colman Marrinan umekunja ndita, na chini yake maneno: NJIA NI YA WATU. Lilikuwa limefungwa kwa vile vifungio vyeusi vya plastiki, ambavyo vikishakazwa havilegei mpaka uvikate.

"Nieleze ulichokiona," Attracta alisema, akatoa kalamu.

"Saa mbili asubuhi nilikuwa dirishani na kahawa yangu. Nikaona wanaume wanapita na mabeleshi begani, wanakwenda kuchimba kaburi la yule bibi anayezikwa kesho. Marrinan alikuwa nyuma yao na grainda. Akakata bawaba, geti likaanguka, wakapita juu yake kama zulia."

"Wanaume gani?"

"Sura sikuzishika. Mkishavaa kofia mnafanana nyote."

"Ila Marrinan ulimshika."

"Marrinan hata akifungwa ndani ya gunia atajulikana, kwa sababu gunia litakuwa linahutubia."

Attracta hakucheka, ingawa aliniambia kwamba alitaka. Alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akapitisha mkono chini ya ukingo wa geti, akaufikisha hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, vidole vilikuwa na vumbi. Chini ya bati udongo ulikuwa mkavu, na sisimizi wanakwenda zao.

"Usiliguse kabla ya picha," Cusack alisema.

"Picha ninapiga mimi." Akaliinua geti upande mmoja kwa gongo, akapiga. Kisha akauliza kama kwa mazoea tu, "Na wewe ulikuwa hapa tangu lini?"

"Jana usiku, saa sita imepita. Nilikuwa Dublin mwisho wa juma. Mvua ilinipiga kutoka Limerick mpaka mlangoni kwangu."

Walipokuwa wanarudi kwenye nyumba ili Cusack atie sahihi maelezo yake, walipita kando ya gari lake, lile refu la kijivu. Kamba ya kiatu cha Attracta ilikuwa imefunguka, au alisema imefunguka. Akainama. Kokoto za uwanja mzima zilikuwa nyeusi kwa maji. Zilizokuwa chini ya gari zilikuwa nyeupe na kavu. Akapiga picha nyingine akiwa bado ameinama, akafunga kamba, akaendelea na safari.

Kabla hajaondoka hapo, mkuu wake wa wilaya alimpigia simu. Cusack alikuwa ameshampigia yeye kwanza.

"Una shahidi, una bango, una mtu mwenye sababu," alisema mkuu. "Mfungulie mashtaka leo. Kesho kuna mazishi, sitaki Marrinan awe kwenye njia ile akihubiri. Hakimu atamwekea amri asikanyage hapo."

"Alhamisi kuna kesi ya njia, afande. Mlalamikaji ni Marrinan peke yake."

"Najua."

"Akishtakiwa kwa geti, wakili wake anajiondoa na kesi inakufa. Njia itafungwa moja kwa moja."

"Hilo si kazi yetu, Sajini. Nataka taarifa kabla ya chai ya saa kumi."

Basi Attracta akaenda kwa Colman Marrinan.

Colman huyo, kama hukuwahi kumsikia, alikuwa dereva wa lori la maziwa kwa kazi, na mwanaharakati kwa maisha yake yote. Aligombea kila uchaguzi tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu. Chama chake kiliitwa Chama cha Ardhi na Njia, na wanachama walikuwa yeye, dada yake hadi alipofariki, na mbwa ambaye walimwandikisha ili wapate mweka hazina. Alipaka rangi vibao vya barabara serikali ilipobadilisha maili kuwa kilomita, akisema Kilbrannagh haijasogea. Alikaa gerezani kwa kukataa kulipia leseni ya televisheni, na nyumbani kwake hapakuwa na televisheni. Aligoma kula kwa ajili ya posta ya kijiji, mgomo ukafika saa sita mchana, dada yake akapita na nyama ya nguruwe na kabichi. Akashindwa kila kitu alichogusa, tena kwa mbali. Watu walimpenda vile unavyopenda hali mbaya ya hewa ya kwenu.

Lakini Njia ya Majeneza hakuna aliyeicheka. Hiyo aliishika tangu zamani, kila mmiliki alipobadilika aliandika, alisimama, aliketi katikati ya njia na kiti cha jikoni. Mwaka ule alikuwa amefika nayo mahakamani.

Mlango wake ulikuwa wazi.

"Karibu binti yangu," alisema. "Umekuja kunikamata au kunywa chai? Vyote vina utaratibu wake."

"Nianze na chai, Mzee Colman."

Akamimina. Mezani, kati ya mkate na siagi, palikuwa na grainda, na unga wa chuma umemwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Hiyo ni yako?"

"Yangu."

"Umekatia nini?"

"Kitanda."

"Mzee Colman, naomba unijibu vizuri."

"Nenda kaangalie. Mguu mmoja ulipinda, nikaikata yote minne ilingane. Sasa nalala chini kama mtoto."

Attracta akaingia chumbani. Kitanda cha chuma kilikuwa kimekaa chini sana, karibu na sakafu, na vipande vya miguu vimepangwa dirishani kwa sababu Colman hatupi kitu. Akavilinganisha. Vilikuwa sawa. Akarudi mezani, akamwonyesha picha ya bango kwenye simu.

Colman akaivuta karibu na pua. "Uso ni wangu, Mungu anisamehe. Lakini hiyo plastiki si yangu."

"Unajuaje?"

"Tangu nilipoanza kampeni ya kupinga plastiki sijafunga bango kwa plastiki. Nafunga kwa kamba za marobota ya nyasi. Muulize yeyote. Yangu ndiyo huanguka kwanza, kila uchaguzi. Nusu yake yapo mitaroni mpaka leo."

Attracta akaandika. "Jana ulikuwa wapi?"

"Mchana makaburini na Sonny Talty na wenzake. Jioni tukaenda kwake kwenye mkesha wa mama yake, Nonie."

"Makaburini mlifanya nini?"

Colman akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ng'ombe anakamuliwa. "Tulichimba kaburi la Nonie. Ungetaka tulichimbe lini? Leo?"

Hapo Attracta akaacha kuandika.

Alikuwa mtu wa Sligo, lakini Sligo na Clare kwa jambo hili ni moja. Kaburi halifunguliwi Jumatatu. Mtu akizikwa Jumanne, jembe la kwanza linaingia ardhini Jumapili, hata kama kuna mechi, hata kama kuna mafuriko. Afunguaye kaburi Jumatatu anaita maiti wengine. Wasioamini hilo wapo, na wao pia hawachimbi Jumatatu. Cusack alikuwa amekaa dirishani kwake akahesabu kama mtu wa mjini anavyohesabu: mazishi Jumanne, basi kuchimba Jumatatu.

"Na leo asubuhi," Attracta akauliza taratibu, "saa mbili, ulikuwa wapi?"

Colman akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. "Hilo silijibu."

"Ndilo la maana kuliko yote."

"Andika kwamba nimekataa. Nimewakatalia mahakimu wakali kuliko wewe."

"Mzee, nikiondoka hapa bila jibu, saa kumi nakufungulia mashtaka. Alhamisi huna kesi."

Colman akajikatia mkate, akaupaka siagi. Mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, siku hiyo alinyamaza.

Attracta akapanda makaburini kwa barabara ya magari. Alijua kwamba hakimu hapokei neno "haifanyiki". Hakimu anataka kitu cha kushikwa.

Kaburi la Nonie Talty lilikuwa limefunikwa kwa mbao. Rundo la udongo kando yake lilikuwa limepigwa na mvua mpaka likawa na vishimo vidogo vidogo juu, kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na chini maji yamechimba vijifereji. Aliyeutupa udongo ule aliutupa kabla ya mvua. Kuzunguka kaburi ardhi ilikuwa tope laini, na juu ya tope hilo hapakuwa na alama ya kiatu hata kimoja. Palikuwa na nyayo za sungura. Akalizunguka kwa mbali, juu ya nyasi, asiharibu, akapiga picha kila upande. Kisha akatembea upande wa juu wa Njia ya Majeneza akishuka. Nyasi ndefu za katikati zilikuwa zimesimama wima na matone yake yote. Hakuna aliyepita hapo asubuhi ile, awe na beleshi au bila beleshi.

Hapo alikuwa na uwongo wa Cusack mkononi. Lakini mkuu wake angesema: vizuri, Cusack kakosea juu ya wachimbaji, ila Marrinan amemwona. Ilibaki ile saa mbili.

Nyumba ya akina Talty ilikuwa imejaa. Magari yamepaki mpaka njia panda. Attracta alivua kofia mlangoni, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya jeneza lililo wazi. Nonie alikuwa amevaa gauni la buluu na rozari imezungushwa vidoleni, amekaza midomo kama kawaida yake. Attracta akasali, kisha akashika mikono ya wafiwa mmoja mmoja.

"Poleni kwa msiba."

"Asante, Sajini," alisema Sonny, mtoto mkubwa, mtu mpana kama kabati. "Umekuja kama jirani au kama sare?"

"Vyote. Jana mlichimba lini?"

"Baada ya misa. Tulipanda kwa barabara ya magari, tukamaliza kabla ya mvua. Colman alikuwepo, alichimba kidogo na kuhutubia sana. Kwa nini?"

"Kuna mtu amesema mlipita na mabeleshi leo asubuhi kufungua kaburi."

Wanawake waliokuwa wanakata mikate waliacha visu hewani. Bibi mmoja pembeni akajipiga ishara ya msalaba.

"Jumatatu?" Sonny akasema. "Sisi? Mama akiwa hapa anasikia? Huyo mtu anatutakia nini?"

"Nitamuuliza. Sasa nitafutieni jambo moja. Colman Marrinan alikuwa wapi saa mbili asubuhi?"

Sonny akatazama sakafu. Dada yake Philomena, aliyekuwa ameshika birika, akalitua.

"Njoo nje, Sajini," alisema.

Wakasimama nyuma ya banda la mboji kavu, ule udongo unaochomwa kama kuni, Philomena amekunja mikono juu ya aproni.

"Amekataa kusema, sivyo?"

"Amekataa kabisa. Yuko tayari kushtakiwa."

"Mjinga yule." Philomena akashusha pumzi. "Zamu ya alfajiri ilikuwa yake. Kukaa na Mama peke yake, sisi tupate kujinyoosha. Unajua zamu ilivyo. Maiti haachwi peke yake, na aliyekaa naye hafumbi jicho. Nilipoingia saa moja kumletea chai, alikuwa anakoroma. Ameegemeza kichwa kwenye jeneza la mama yangu, mdomo wazi, ndevu zimefika kwenye rozari."

Attracta akauma mdomo.

"Ulimwamsha?"

"Nilimfunika koti. Alichimba jana kutwa, ana umri ule. Nikakaa mwenyewe upande wa pili. Akalala mpaka saa tatu imepita, padri alipokuja. Alipofungua macho akaniona, akageuka rangi ya chokaa. Akaniomba nisimwambie mtu hata siku moja. Miaka yote alibishana na Mama, yeye anamwomba kura, Mama anamwambia hampi. Halafu usiku mmoja aliopewa kumlinda, analala."

"Utasema haya kwa kiapo?"

"Nitasema mbele ya Papa. Na padri atasema, na Sonny alimruka miguu akienda kukamua." Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama angecheka mpaka apaliwe."

Maelezo ya wote watatu yakaandikwa pale pale kwenye meza ya jikoni, kati ya keki na chupa za wiski, yakatiwa sahihi.

Cusack alimpokea mlangoni amevaa shati safi. "Umeshamkamata?"

"Bado kidogo. Nataka nikuelewe vizuri, nisije nikaaibika mahakamani. Wale wanaume, mabeleshi yao yalikuwa na udongo?"

"Wakienda, hapana. Wakirudi, ndiyo. Udongo umegandamana."

"Uliwaona wakirudi pia?"

"Niliwaona vizuri."

"Kwa njia ile ile? Juu ya zile nyasi ndefu?"

"Kwa njia ile ile. Wanatembea kifua mbele, kama wameteka nchi."

Attracta aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu. Cusack akatia sahihi kwa mbwembwe. Ndipo Attracta akaketi, akakunja miguu, akaweka kofia yake juu ya meza ya kioo.

"Bwana Cusack, kaburi lile lilichimbwa Jumapili mchana. Mvua imeandika juu ya udongo wake. Leo hakuna kiatu kilichofika pale, na nyasi za njia yako hazijakanyagwa na mtu."

"Basi labda walikuwa wanakwenda kulimalizia."

"Huku hakuna anayepeleka beleshi makaburini Jumatatu kufungua kaburi. Hata ukimlipa, hata ukimtishia. Ungeuliza mtoto yeyote wa shule angekuambia. Lakini tangu uje hujawahi kumuuliza mtu wa hapa kitu."

Cusack akacheka kidogo, kicheko cha kupita puani. "Unataka kumwachia mhalifu kwa ushirikina?"

"Tuache ushirikina. Tuzungumze mvua. Chini ya geti lako pakavu. Geti lilianguka kabla ya mvua, Jumapili, wala si leo saa mbili."

"Basi Marrinan alilikata Jumapili. Nimechanganya siku."

"Jumapili Marrinan alikuwa na watu kuanzia misa mpaka mvua, na kuanzia mvua mpaka leo saa tatu alikuwa kwenye mkesha. Nina padri." Akamsogezea simu yenye picha. "Na hili ni gari lako. Mvua ilikupiga kutoka Limerick, uliniambia, ukafika saa sita ya usiku. Sasa kokoto zilizo chini yake zimekaukaje? Ulikuwa hapa kabla ya tone la kwanza. Ulikuwa hapa geti linaanguka. Hapakuwa na mwingine upande huu wa kilima, wote walikuwa makaburini au kwa akina Talty."

Cusack aliitazama picha muda mrefu. Kisha akafanya kosa la watu wengi wenye mali.

"Ni geti langu," alisema. "Nikitaka kulikata nalikata."

"Ni kweli kabisa, kulikata si kosa. Kosa ni kuniandikia, mara mbili, kwa sahihi, kwamba amelikata mwingine. Bango umelipata wapi?"

"Mtaroni," alisema, sauti imeshuka. "Yamejaa mitaroni."

"Grainda?"

"Ya mafundi. Ipo stoo."

"Twende ukanionyeshe."

Njiani kwenda stoo Cusack alisimama. Alisema kuna namna ya kulimaliza jambo hili. Yeye ataachana na mambo ya geti, Sajini ataachana na mambo ya karatasi.

"Mimi sina la kupatana nawe, Bwana Cusack," Attracta alijibu. "Mpigie wakili wako. Mwambie pia kwamba Alhamisi hakimu atataka kujua kwa nini mtu mwenye haki na njia alihitaji kutunga uwongo ili ashinde."

Saa kumi, chai ikiwa mezani, alimpigia mkuu wake.

"Mashtaka yapo tayari, afande," alisema. "Limebadilika jina tu."

Mkuu akamwambia asome maelezo tangu mwanzo, na alipofika kwenye Jumatatu, mkuu, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Kerry, jirani na Clare, akasema polepole, "Lo, maskini. Hakuna aliyemwambia."

Kabla ya jua kushuka wakili wa Cusack alikuwa ameshapiga simu kwa wakili wa Colman. Hawatapinga njia Alhamisi. Iandikwe ni ya watu, na geti lisirudi.

Attracta alikwenda mwenyewe kumpa Colman habari. Alimkuta amevaa suti, amekaa kitandani, yaani karibu na sakafu, na kifuko cha nguo miguuni, anasubiri kukamatwa.

"Fungua huo mfuko, Mzee. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Njia."

Akamtazama bila kuelewa, kama ambaye amesemeshwa kwa lugha ya kigeni. "Hapana," alisema. "Kuna kosa. Hesabuni tena."

"Hakuna cha kuhesabu. Imekwisha." Akasubiri kidogo. "Na Philomena anasema kesho ushike mbele, bega la kulia."

Hapo Colman akajua kwamba lile lingine nalo limejulikana. Akafunika uso. Attracta alisema alisimama pale dirishani, kati ya vipande vya miguu ya kitanda, mpaka mzee alipomaliza.

Jumanne ilikuwa na jua. Jeneza la Nonie Talty lilitoka kanisani mabegani, likashuka barabara, na kwenye mwanzo wa shamba Sonny na wenzake walilishika lile geti la bati, wakalinyanyua, wakalibwaga mtaroni kwa kishindo kilichosikika mpaka shuleni. Kisha wakabadilishana mabega. Colman Marrinan akaingia mbele, kulia. Philomena akaingia upande wa pili, jambo ambalo wanawake hawakuwa wakifanya sana, na hakuna aliyesema neno.

Wakapanda. Nyuma yao parokia nzima, na parokia za jirani, wenye magongo, wenye watoto mgongoni, wachezaji wa timu na jezi zao, mpaka wale waliowahi kumwita Colman kichaa mbele yake. Nyasi ndefu za katikati zililala chini ya miguu yao na hazikuinuka tena kiangazi kile. Cusack alikuwa nyuma ya pazia lake. Hakuna aliyegeuza shingo kumtafuta.

Kileleni walipolitua jeneza, Colman aligeuka, akauona ule umati umejaza njia yote mpaka barabarani. Akavua kofia, akautazama hivyo, pumzi zinamwenda juu.

"Kumbe mko wengi hivi," alisema. "Kura zangu zilikuwa zinakwenda wapi?"

Kicheko kilianza kwa padri kikashuka kilima chote, mtu kwa mtu, hata wasiosikia wakacheka kwa kuwa waliotangulia wanacheka. Philomena alicheka huku machozi yanamtoka, ameshika ubao wa jeneza la mama yake.

"Ya Mama hukuwa nayo," alimwambia. "Alikuambia usoni kila mwaka."

"Aliniambia," Colman akakubali. "Lakini leo amenifuata."

"Wewe ndiye umembeba, wee mzee."

Nonie akashushwa. Wachimbaji wakarudisha udongo kwa zamu, kila bega lilitaka beleshi. Baadaye ikawa supu na mikate ya nyama ya nguruwe kwenye baa, nyimbo, na hotuba moja tu ya Colman, fupi kuliko zote alizowahi kutoa, kwa sababu walimnyanyua juu kabla hajafika katikati. Wakati wa kukamua watu wakatawanyika. Sonny alisinzia mezani kwake na buti miguuni. Colman alilala akiwa bado na suti, kwenye kitanda chake kifupi, mlango wazi kama kawaida.

Attracta alikuwa wa mwisho. Alirudi kituoni, akafunga jalada, akaosha kikombe chake cha chai. Nyumbani akatundika sare nyuma ya mlango. Mbingu bado ilikuwa nyeupe, maana mwezi wa sita kule jua haliondoki upesi, na kutoka mbali alisikia mtu anaimba akishuka Njia ya Majeneza, peke yake, kwa sauti kubwa na mbaya, kwa sababu tu anaweza kupita. Akamsikiliza mpaka akafika barabarani. Akageukia ukutani, akalala.